Siku Kumi za Uzi wa Utumbo

Juzi mkebe wa samli uliniponyoka jikoni, ukaiangusha na chupa ya mafuta ya taa iliyokuwa chini, na zile harufu mbili zikanipanda puani kwa pamoja. Wallahi nilikaa chini. Nilikaa pale pale sakafuni, mtu mzima mwenye watoto watatu na kazi ya ofisini, nikacheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikamfokea kitinda mimba wangu aliyekuja kuuliza mama ana nini. Mama hana kitu. Mama ana miaka tisa, yuko Garissa, mtaa wa Galbet, mikono imejaa mafuta mpaka kwenye viwiko, na mbele yake kuna saa iliyofunguliwa matumbo.

Hebu niwaeleze kuhusu hiyo saa, maana nikiitaja tu watu hudhani naongea juu ya saa ya ukutani. Ilikuwa ndefu kumshinda babangu. Ilisimama kwenye chumba cha awoowe, ndivyo tunavyomwita babu, ndani ya sanduku la mbao nyeusi lenye mlango wa kioo, na kila robo saa iliimba kidogo, na saa kamili ilipotimia iligonga kengele mpaka majirani wakasikia. Awoowe alikuwa tarishi wa ofisi ya serikali. Mzungu mmoja aliileta ile saa zamani, akaenda zake kwao, saa ikabaki kwenye korido, na tarishi ndiye aliyepewa ufunguo wa kuitia nguvu kila Ijumaa. Baadaye ofisi ikapakwa rangi, saa ikatupwa stoo pamoja na viti vilivyovunjika. Awoowe alipostaafu, wakubwa walimuuliza angependa zawadi gani. Wenzake walikuwa wameagwa kwa mablanketi na masufuria. Yeye akaomba saa.

Aliileta nyumbani kwa mkokoteni wa punda, imelazwa juu ya godoro, na yeye akitembea kando yake ameishika kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Walipoifikisha mlangoni wakagundua kwamba paa la mabati liko chini mno. Mtu mwingine angeirudisha. Awoowe alichukua jembe akachimba sakafu ya chumba chake mwenyewe, kina cha shubiri moja, akaisimamisha humo shimoni, na kila mguu akauweka ndani ya kopo la oili chafu ili mchwa wasipande. Sisi Wasomali, mtu akiwa na jina lake zuri la kitabuni bado tutamtafutia lingine: Masikio, Mkono Mmoja, Tumbo. Saa nayo haikunusurika. Mtaa mzima uliiita Dheere, yaani Mrefu, na watu walisema "Dheere amelia" na "Dheere amekohoa" bila hata kucheka.

Jambo moja liliwachanganya wageni. Saa moja asubuhi Dheere aligonga mara saba, kwa sababu alikuwa bado anahesabu kizungu. Awoowe aliwatuliza. "Toa sita," aliwaambia, "zinazobaki ni zako."

Mimi nilipoanza kuwa na akili, macho ya awoowe yalikuwa yamekwisha kupofuka kabisa. Lakini mkimwona asubuhi, ameketi kitandani na kofia yake na fimbo yake, msingejua. Dheere alimwambia kila kitu. Aliposikia robo ya tatu alipaza sauti: "Hodhan! Duksi!" nami nikachukua ubao wangu nikakimbilia masomo ya Kurani. Alimwambia mama maharagwe yameiva. Majirani waliuliza saa juu ya ua, naye akajibu kwa ule ukali wa mtu wa ofisi. Na kila Ijumaa, akitoka kuswali, alifungua kile kioo, akapapasa uso wa saa, akatafuta matundu matatu, akazungusha ufunguo, na vile vyuma vitatu vizito vikapanda polepole, kimoja baada ya kingine. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa imembakia duniani, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia.

Babangu alikuwa dereva wa lori la kwenda Rhamu, na tulimwona mara mbili kwa mwezi, akifika amejaa vumbi na usingizi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama, ya awoowe na yangu. Lakini kila Jumatano, siku ya soko la mifugo, adeer Bishar alikuja kutoka Ijara na lori la ng'ombe. Adeer ni ndugu wa baba, na huyu alikuwa mdogo wake, mtu mrefu mkimya mwenye kunuka moshi na maziwa. Akimaliza kuuza alipitia kwetu, akanywa chai, akamwambia baba yake maneno yale yale: "Aabo, twende Ijara. Huku kuna joto, huku kuna kelele. Kule kuna maziwa na upepo." Na awoowe akajibu maneno yale yale: "Nikienda, Dheere atalishwa na nani?" Wote wawili walicheka, adeer akapanda lori, nami nikapumua.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu.

Dheere alianza kulia vibaya. Kabla ya kugonga alitoa mlio mwembamba, kwiii, kama mlango wa choo chetu. Kwetu dawa ya mlango wa choo ilikuwa samli. Dawa ya kifua ilikuwa samli. Visigino vikipasuka, nywele za mtoto zikikauka, ngozi ya kiatu ikikakamaa, mama alifungua ule mkebe mkubwa wa samli iliyotoka kwa ng'ombe wa adeer, akachota kwa vidole viwili. Sasa mtoto wa miaka tisa mwenye akili zake timamu, anayempenda babu yake na saa ya babu yake, angefikiria nini? Nilingoja awoowe aende msikitini na mama aende kuteka maji. Nikapanda juu ya mtungi wa plastiki, nikafungua mlango wa juu, nikampaka Dheere samli. Sikufanya ubahili. Kila gurudumu lenye meno nililoweza kulifikia lilipata haki yake. Mengine ambayo sikuyafikia niliyapaka kwa unyoya wa kuku.

Na ikafanya kazi! Siku tatu ule mlio ulipotea kabisa. Awoowe alitega sikio akasema, "Mashallah, Dheere amepona kifua," nami nikatembea uani kifua mbele, kama daktari.

Siku ya nne, Alhamisi, mchana wa jua kali, ilifika saa saba na Dheere hakugonga. Nilikuwa nakula. Nikasikia kimya, nikaacha sahani. Nikaenda chumbani nikakuta awoowe amesimama, mkono wake umelala juu ya mbao, kichwa kimeinama. Nikachungulia ndani ya kioo. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani mpaka ndani ya saa. Lile vumbi letu jekundu la Garissa, ambalo huingia hata kwenye yai, lilikuwa limeganda juu ya samli likawa ugali.

Awoowe hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alirudi kitandani, akavua kofia, akasema kwa sauti ya chini, "Basi. Mwambieni Bishar, Jumatano akija na lori, nitaondoka naye."

Mama alikuwa mlangoni. Mkwe hamwambii baba mkwe wake usiende. Atasema kwa njia gani? Alikwenda jikoni akaanza kupanga vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa. Mimi nikatoka uani, nikajificha nyuma ya tangi la maji, nikalia mpaka nikapata kwikwi. Nilihesabu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Siku tano, kisha nimpoteze awoowe wangu, na mkono uliomfukuza ni huu hapa.

Ijumaa asubuhi nilikwenda sokoni peke yangu, bila ruhusa. Kulikuwa na fundi saa mmoja, fundi Musyoka, Mkamba kutoka upande wa Mwingi, aliyeketi chini ya mwavuli uliopauka na meza ndogo mbele yake, kijilenzi cheusi kimebanwa jichoni. Alitengeneza saa za mkononi na redio.

"Leta saa," akasema, bila kuinua kichwa.

"Haibebeki."

"Kwani ni ya ukutani?"

"Ni ndefu kukushinda wewe."

Alitoa kile kijilenzi akaniangalia kwa macho yote mawili. "Wewe mtoto, unanichezea?" Lakini machozi yalikuwa yamekwisha kunitoka, na fundi Musyoka hakuwa mtu wa kustahimili machozi. Alasiri ile, jua lilipopungua makali, alipiga hodi kwetu na kisanduku chake cha vifaa.

Alivua viatu mlangoni. Mama akamkaribisha kutoka nyuma ya pazia, nami nikampelekea chai ya maziwa ya ngamia, chai ambayo, maskini, ilimkimbiza chooni mara mbili kabla ya magharibi. Alipoingizwa chumbani na kumwona Dheere, alishika kiuno.

"Hii ni saa ama ni kabati limemeza saa?"

Awoowe aliinua kichwa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha ofisini, cha kuamrishwa na cha kuamrisha, na p mara nyingine ilimtoka b, v ikamtoka f. "Fundi. Wewe najua saa ya hii aina?"

"Mzee, nisikudanganye. Sijawahi kuifungua hata moja. Lakini saa ni saa. Tutaelewana nayo."

"Wewe nasema kweli," awoowe alisema. "Fungua. Lakini bole bole."

Akafungua. Akaingiza kidole, akakitoa kimejaa ule uji mwekundu. Akakinusa. Kisha, haki ya Mungu, akakilamba. Aligeuka polepole akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia mabati ya paa kama sijawahi kuona mabati maishani mwangu.

"Vipi, fundi?" awoowe aliuliza.

"Uchafu, mzee," alisema fundi Musyoka. "Uchafu kidogo tu. Huyu mtoto atanisaidia kuosha."

Ndiyo maana nasema juu ya harufu. Siku mbili nzima, Jumamosi na Jumapili, tuliketi uani mimi na yeye na beseni la mafuta ya taa. Alichora kila kitu juu ya boksi la katoni kabla ya kukitoa, akaweka kila gurudumu juu ya mchoro wake, akaniapisha nisiguse bila kuambiwa. Brashi yake ilikuwa kubwa mno kwa yale meno. Awoowe, aliyekuwa ameketi mlangoni akisikiliza, alitoa mfukoni fungu lake la miswaki. "Tumia hii." Basi tukatafuna miswaki mpaka ikachanua, tukasugua meno ya Dheere kama watu wanaojiandaa kwa swala. Miswaki mingine fundi aliichonga kwa wembe ikawa na ncha, tukaichomeka kwenye yale matundu madogo ambamo vyuma huzunguka, tukaizungusha, tukaitoa nyeusi, tukachonga tena, mpaka kijiti kitoke cheupe. Mpaka leo sijaona njia bora.

Jumapili jioni sikuweza tena. Fundi alikuwa ameondoka. Nilikwenda nikaketi miguuni pa awoowe nikamwambia yote, mtungi, mkebe, unyoya wa kuku, kila kitu, maneno yakitoka na makamasi.

Alinifuta uso kwa kanzu yake. Kisha akauliza, "Samli ipi? Ile ya ng'ombe wa Bishar?"

"Ndiyo."

"Kiasi gani?"

"Kama nusu mkebe."

Mabega yake yalianza kutikisika. "Mimi nanyimwa samli kwa sababu ya kifua," alisema, "na saa inakula nusu mkebe!" Alicheka mpaka akafuta yale macho yake yasiyoona, na mimi nikacheka kwa furaha, nikamuuliza: sasa hutaenda, sivyo?

Akaacha kucheka. Akaniwekea mkono kichwani. "Nitaenda, Hodhan. Sio saa. Saa ilikuwa kisingizio changu tu. Mama yako anapika, anafua, ananishika mkono mpaka chooni, na mimi hata kuni siwezi kumpasulia. Inatosha."

Leo ningejua la kumjibu, lakini leo hayupo.

Jumatatu fundi alikuwa anarudisha vitu mahali pake alipokuta kasoro nyingine, na hii haikuwa yangu, alhamdulillahi. Vile vyuma vitatu vilining'inia kwa nyuzi nene, na uzi wa katikati ulikuwa umechakaa, umebakia nyuzi mbili tatu. "Huu ukikatika," alisema, "chuma kitavunja mguu wa mtu. Itabidi niagize waya Nairobi. Sijui utakuja lini."

"Nipe," awoowe alisema.

Akaupitisha kati ya vidole. Akaunusa. Akauma ncha yake. "Huu sio waya. Huu ni utumbo."

"Utumbo wa nini tena, mzee?"

"Wa mbuzi, wa kondoo. Sisi tulisuka hizi tukichunga. Hodhan! Mwambie mama yako alete utumbo wa mbuzi. Mzima, usikatwe."

Mama alikwenda mwenyewe kwa muuza nyama, mbio, shungi likipepea. Na mchana ule nilimwona mtu ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Awoowe alikunja mikono ya kanzu, akaketi kwenye jamvi uani chini ya mwarobaini, akaosha ule utumbo mara ngapi sijui, akaukwangua mafuta kwa mgongo wa kisu mpaka ukawa mwembamba na mweupe. Vidole vyake vilikwenda haraka kuliko macho yangu. Alimkaripia fundi: "Shika hapa! Usifute kama bunda!" Alimkaripia mama, alinikaripia mimi, alimkaripia kuku. Wakasokota nyuzi tatu mbichi kuwa moja, wakaufunga kutoka kwenye shina la mwarobaini mpaka kwenye nguzo ya mlango, wakatundika jiwe katikati ili unyooke. Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia na nilimsikia akicheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Jumatano ikafika. Nilisikia lori la adeer likizima nje. Blanketi la awoowe lilikuwa limekunjwa, mkoba wake mdogo uko juu yake. Adeer Bishar akaingia, akasalimia, akaketi, akanywa chai yote akiutazama ule mkoba. Kisha akasema, "Aabo, uko tayari?"

Awoowe alijikohoza. "Bishar, siwezi kuacha kazi nusu. Uzi wa Dheere haujakauka."

"Uzi gani?"

"Ule pale nje. Wa utumbo. Unataka siku kumi."

"Siku kumi," adeer alisema.

"Siku kumi kamili."

Nyuma ya pazia mama alikohoa. Adeer aliinuka, akaenda mpaka kwenye mwarobaini, akaushika ule uzi kati ya kidole gumba na cha shahada, akaupapasa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilimfuata nyuma nikimtazama usoni. Kisha akarudi mlangoni akasema, "Kweli, aabo. Bado umelowa. Nitakuja ukikauka, Dheere alie, umsikie, halafu twende."

Mimi nilishika neno moja tu pale: ukikauka. Kwa hiyo ukikauka ataenda. Mtoto akishika neno hivyo, nani atamwachisha? Alfajiri ya Alhamisi, mama akiwa bado anaswali, nilichukua birika la udhu nikaenda kwenye mwarobaini, nikaumwagia ule uzi maji, kidogo kidogo, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nikarudi kulala. Awoowe alipomaliza chai alitoka na fimbo yake, akaupapasa, akasimama kidogo, akasema, "Bado." Nilifurahi mpaka nikajiuma ulimi. Nikafanya hivyo Ijumaa, Jumamosi, kila alfajiri, na kila asubuhi alitoka, akaupapasa, akasema, "Bado." Fundi Musyoka alikuwa akipitia jioni kuuliza, naye akaambiwa bado, akatikisa kichwa, akanywa chai. Alikuwa amejifunza kuomba ya rangi.

Siku ya kumi ikafika. Nilimwaga birika zima. Awoowe alitoka, akaushika uzi, na maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko, kwenye Garissa ile, kwenye jua lile, mwezi ambao hata mbuzi walikuwa wanalamba umande kwenye mabati. Alisimama pale na mkono uliolowa. Kisha akasema kwa sauti kubwa, kama anayetangaza korido nzima, "Ongeza siku tatu!"

Usiku nikamshukuru Mungu kwa ujanja alionipa.

Siku hizo tatu, sijui kwa nini, alinishika mkono kila alipotaka kutembea uani, badala ya fimbo. Siku ya kumi na tatu asubuhi alinipokonya birika kabla sijamaliza kunawa uso, akasema leo linatumika. Ule uzi ukakauka. Fundi akaufunga, chuma cha katikati kikapanda, awoowe akatia mkono ndani akasukuma pendulamu kwa kidole. Tukangoja, sote wanne, mama akiwa amesahau pazia kabisa. Dheere akaimba robo yake, akatulia, kisha akagonga. Mara kumi. Fundi Musyoka alipiga makofi kama mtoto.

"Toa sita," awoowe alimwambia. Kisha akanigeukia. "Hodhan, adeer wako akija mwambie maziwa aniletee huku huku. Mimi nina kazi."

Na adeer alipokuja aliambiwa hivyo, akasema sawa, na Jumatano iliyofuata akashusha kibuyu cha maziwa kwenye lori kana kwamba ndiyo ilikuwa ahadi tangu mwanzo. Awoowe aliishi nasi miaka sita mingine. Aliwasukia nyuzi majirani, akanifundisha kusuka, akanifundisha kumsikiliza Dheere tumboni. Alifia chumbani mwake, saa ikienda. Kwa miaka mingi nilijisifu moyoni kwamba ni mimi niliyemzuia, mimi na birika langu, na kwamba wakubwa wote niliwachezea shere.

Miaka miwili iliyopita ule uzi wa katikati ulichakaa tena. Dheere yuko kwangu sasa, dari nilijenga juu kwa ajili yake. Sikumwita mtu. Nilinunua utumbo, nikauosha, nikaukwangua, nikausokota, nikautundika uani baada ya adhuhuri, nikamwambia mume wangu tusahau kusikia kengele kwa siku kumi. Nikaingia ndani kupika. Alasiri nikatoka kuanua nguo, bega langu likagonga ule uzi, ukalia ting.

Ulikuwa umekauka. Umekuwa mgumu kama mfupa, kwa saa tatu tu. Nikasimama pale na nguo mkononi.

Nilimpigia simu adeer Bishar, huko Ijara. Ni mzee sasa, husikia kwa sikio moja. "Adeer," nikapiga kelele, "uzi wa utumbo hukauka siku ngapi?"

Akasema, "Siku? Siku gani tena? Kwa jua hili, ukiutundika asubuhi, jioni unafungia mzigo."

"Sasa siku ile mbona ulisema umelowa?"

"Babangu alisema siku kumi," alinijibu. "Ningefanyaje?"

Nilikata simu nikarudi uani. Basi ule uzi ulikuwa umekauka Jumatatu ile ile, kabla ya lori, kabla ya birika. Mzee aliyechunga mbuzi utoto wake wote alijua hivyo. Kwa hiyo asubuhi ya Alhamisi alipotoka kwenda kuushika ule uongo wake mwenyewe, alitarajia kukuta mfupa. Akakuta maji. Na kesho yake maji, na kesho kutwa maji. Yule mtu aliyedhani amekuwa mzigo hakuambiwa baki na yeyote. Mkwe hakuweza kusema, mwanawe hakuthubutu, na mimi nilidhani nawadanganya. Lakini asubuhi baada ya asubuhi alitoka na fimbo yake, akashika uzi, na vidole vyake vikamwambia kwamba ndani ya nyumba ile kuna mtu hataki aondoke.